Siku moja maishani mwangu: fundi baiskeli Arusha na kijana wa boksi la Dura-Ace

Saa 11 na nusu alfajiri. Nipo barabarani tayari, maana nisipopiga kilomita zangu 30 asubuhi siku nzima mwili unakuwa mzito. Nimetokea Njiro nikashika barabara ya Moshi mpaka Tengeru nikageuza, na kwa kuwa ni Jumatano, siku ya soko, wakati wa kurudi akina mama wa ndizi wameshajaa pembeni na daladala zinasimama popote zinapotaka, unaenda vidole viko juu ya breki muda wote. Baiskeli yangu ina Shimano 105 ya gia 11, yaani grupseti (seti nzima ya gia, krenki na breki) ya daraja la kati, ile R7000 iliyotoka 2018. Cheni nimebadilisha nyingi, kaseti (zile gia za gurudumu la nyuma) ya pili sasa, waya pia, lakini shifta, vibonyezo vya gia vya kwenye usukani, ni zile zile. Naisema mapema mjue naongea nikiwa nimesimama wapi.

Saa 2 asubuhi nafungua karakana. Pancha mbili, halafu baiskeli ya dada mmoja anayelalamika gia zinaruka akikanyaga kwa nguvu. Hapo sina haja ya kubahatisha, nachukua kipimo cha cheni, kibati tu chenye meno mawili, jino moja unaliegesha kwenye cheni na la pili likitumbukia upande wa 0.5 basi cheni imekwisha. La kwake limetumbukia bila kusukumwa. Napitisha kidole, kinatoka na uji mweusi, mafuta na vumbi, nikiusugua kati ya vidole nausikia unakwaruza kama msasa. Huo msasa ndio unaokula meno ya kaseti, na hauulizi kaseti ilinunuliwa bei gani.

Saa 4 anaingia kijana wa watu. Namfahamu, anapanda vizuri sana, ana fremu ya karboni ya breki za diski kaipata kwa taabu na anataka kuivisha. Mkononi boksi. "Shikamoo fundi." Marahaba, karibu, una nini humo? Anafungua taratibu kama mtu anayefunua keki, ni Dura-Ace, grupseti ya juu kabisa ya Shimano, ya gia 11, R9100 na breki zake za mafuta, imeshatumika, mtu kamwachia aiangalie kwa siku moja. Na bei anayotajiwa ni ile ile ya 105 mpya ya gia 12 zinazovutwa na waya, R7100, ikiwa imeshafika Arusha. Anauliza nichukue ipi fundi, na macho yake yameshajibu.

Sikumkatisha tamaa maana ile kitu ni nzuri kweli, shifta ukiibonyeza inaitika kama swichi ya taa na ukiinyanyua krenki, ile mikono ya pedali, unashangaa wepesi. Lakini tukatoa kimoja kimoja tukakiangalia. Krenki kwanza. Septemba 2023 Shimano walitangaza krenki zao za Hollowtech II za gia 11, za Dura-Ace na za Ultegra (daraja lililo kati ya 105 na Dura-Ace) zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, zikakaguliwe kwa sababu vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi vinaweza kuachana. 105 hazimo kwenye tangazo hilo. Nikageuza mkono wa krenki nikasoma zile herufi mbili nyuma zinazoonyesha ilitengenezwa lini, zimo kwenye orodha, nikaupeleka dirishani nikapitisha ukucha kwenye maungio yote. Safi, hakuna mwanya, nami nikamwambia hivyo hivyo, sitaki kumtisha mtu kwa kitu ambacho hakipo. Ila itabidi ikaguliwe tena na tena. Kaseti sasa, hapo ndipo penye maneno. Meno ya zile gia ndogo yameshachongoka kama pezi la papa, kwa hiyo siku ya kwanza tu anatakiwa anunue kaseti na cheni. Kaseti ya Dura-Ace gia kubwa ni za titani, nyepesi kweli, lakini zinaisha haraka kuliko chuma na bei yake ni kama mara nne ya ile ya 105 ambayo gia zake zote ni za chuma. Ukikaa mahali penye vumbi kama petu hapo ndipo hela inapovujia, grupseti unainunua mara moja lakini kaseti na cheni utazinunua maisha yako yote.

Akaniambia lakini fundi Pogačar, yule mwendesha baiskeli wa Slovenia, kashinda ubingwa wa dunia Kigali 2025 na Dura-Ace. Ni kweli kabisa. Ila Pogačar ana fundi wake, ana gari nyuma lenye baiskeli za akiba, na kaseti ikichakaa haendi mfukoni mwake. Wewe ukikatikiwa na cheni kona ya Monduli ni wewe na Mungu wako.

Tukakaa chini na kalamu. Tukalinganisha mpya kwa mpya, gia 12 za umeme, 105 na Dura-Ace zinapishana kama nusu kilo hivi. Wewe na baiskeli na maji na nguo jumla tuseme kilo 75. Kilima cha dakika 20, hiyo nusu kilo inakupa sekunde 8 hivi. Kwa anayeshindania jezi sekunde 8 ni mali, nisidanganye. Lakini nusu kilo ni chupa moja ya nusu lita, ukishaimaliza njiani umeshaipata.

Saa 7 mchana wali maharage, nakula nimesimama.

Saa 8 mpaka saa 10 nimepotelea kwenye shifta moja ambayo waya umechanika ndani, nyuzi kama ndevu za paka, nazitoa na kibano mmoja mmoja huku tochi ipo mdomoni. Kijana bado yupo anaangalia, akauliza kwa nini basi asijichange achukue za umeme. Nikamwambia 105 Di2, yaani ya umeme, ipo tangu 2022 na inabadilisha gia vizuri mno, ila shifta zake zinakula betri za CR1632, sio hizi za CR2032 zilizojaa kila duka la saa, ujue utazitafutia wapi kabla hujanunua. Waya unaukuta hapa kwangu hata leo.

Kwa hiyo ushauri wangu nikamwandikia kwenye karatasi: 105 mpya ya waya, kaseti ya 11-36 kwa ajili ya vilima vyetu, cheni uipandishe daraja moja uchukue ya Ultegra maana zinaingiliana bila shida, na hela ya kaseti na cheni ambayo ungeitupa kwenye lile boksi nunua tairi nzuri za milimita 28. Tairi nzuri inakuokolea wati kadhaa, yaani nguvu za kukanyaga, kila gurudumu, tambarare na mlimani, na utazisikia siku ya kwanza.

Saa 12 jioni nafunga. Kaondoka na boksi lake bila kusema neno, nikajua moyo bado uko kwenye Dura-Ace, na simlaumu, kile kitu ukikishika mkononi kinaongea.

Saa 3 usiku simu inalia. "Fundi nimemrudishia mwenyewe. Agiza 105." Nimemjibu aje Ijumaa na fremu nipime unene wake pale nyuma kabla sijaagiza, maana skrubu za breki ya nyuma zina urefu tofauti tofauti na zikija fupi zitatuchelewesha wiki nzima.