Siku moja gereji ya Kizota, Dodoma: kutafuta oili inakoanzia kuvuja

Saa 12:45 asubuhi. Kazi ya kwanza ni kuchungulia boksi la karatasi lililotandikwa chini ya gari. Corolla 110 yenye injini ya 5A imelala juu ya boksi lililofunuliwa, na tumezungushia chaki mahali matairi ya mbele yaliposimama ili tujue kila tone limetoka usawa gani. Kuna madoa matatu, yote ya kahawia. Nyekundu ingekuwa oili ya usukani au ya gia ya otomatiki. Kijani au pinki, maji ya rejeta. Kahawia ni ya injini, na imedondoka penye maungio ya injini na gia boksi.

Saa 2 kasoro mwenye gari anafika, kabla hata chai ya mama lishe haijaisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hiyo ni oili sili ya nyuma, nimeshaambiwa huko nilikotoka. Shusheni gia boksi, saa 6 niwe njia ya Kondoa."

Hapa ndipo kazi yetu isipoeleweka. Mteja akiona tone, anataka spana ishikwe papo hapo. Lakini oili haidondoki inapovujia. Inateremka na ukuta wa injini, upepo wa mwendo unaisukuma nyuma, na safari yake yote inaishia sehemu ya chini kabisa, ambayo ni hayo maungio. Tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikivuja, inaishia hapo. Oringi, yaani mpira wa duara, ya distributa inayogawa umeme wa plagi ikivuja, inaishia hapo. Oili sili ya nyuma, mpira unaozuia oili mwisho wa krenki, nayo inaishia hapohapo, ila yenyewe kuifikia ni kushusha gia boksi, kazi ya siku nzima.

"Mzee wangu, tuoshe kwanza, tuone."

"Kuosha? Mimi sikuleta gari kuoshwa. Kama hamwezi, basi pakeni silikoni."

Namweleza taratibu. Silikoni haishiki juu ya oili. Ikizidi, ile inayobinywa kwa ndani inakatika vipande, vinaangukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, vinaziba chujio la pampu ya oili. Oili isipopanda, beringi za krenki zinakufa, na deni la tone linakuwa deni la injini. Anapiga simu mbili, ananung'unika, anavuta benchi hadi kwenye kivuli cha mwarobaini. Amekubali, ila saa anaitazama kila dakika.

Saa 3 tunaosha. Vumbi la Dodoma likichanganyika na oili linaganda kama ukoko wa sufuria. Upande wa gia boksi lilikuwa nene kama kidole. Injini iwe imepoa. Distributa na alteneta zinafungwa nailoni. Brashi, mafuta ya taa, kisha sabuni ya unga na maji ya taratibu, halafu upepo wa kompresa kwenye kila kona. Petroli hatutumii, cheche moja inatosha kuleta msiba.

Saa 4:30, pakavu kabisa, tunapuliza poda ya mtoto nyuma ya hedi, yaani kichwa cha injini, pembeni mwa tapeti kava, kuzunguka swichi ya presha ya oili na mdomo wa sampu. Injini inaungurumishwa mpaka feni iwake mara mbili. Hakuna kitu. Mzee anasimama: "Si mnaona? Ni ya nyuma!" Bado. Oili ikiwa ya moto ni nyepesi, na kuna mivujo isiyojitokeza gari likiwa limesimama. Tunalipeleka barabara ya Singida, kilomita 15 kwenda na 15 kurudi.

Saa 5 na nusu, kioo kidogo na tochi. Kanuni ni moja: tafuta unyevu ulio juu kabisa, usihangaike na ulio chini. Tapeti kava kavu. Swichi kavu. Kwenye kiungo cha distributa na hedi, poda nyeupe imekatwa na mstari mwembamba wa kahawia, unateremka hadi mgongoni mwa gia boksi. Ninampa mzee kioo. Anatazama kwa muda, hasemi neno.

Kabla ya kuchomoa: waya hasi wa betri unatolewa, waya za plagi zinawekewa namba, na mstari wa rangi unachorwa kuanzia distributa hadi kwenye hedi. Kifuniko kinafunguliwa. Ndani kukiwa na oili, basi sili ya shafti yake imekwisha, na oringi ya nje haitasaidia. Hii ni kavu. Boliti za spana 12 zinatoka, distributa inavutwa. Oringi imekuwa bapa na ngumu kama plastiki. Kucha haiingii, na ilipokunjwa ilivunjika vipande viwili.

Halafu mchana unaliwa na kipande hicho cha mpira. Kijana anakwenda mjini na bodaboda, anarudi na oringi ya unene mdogo. Anarudi tena, safari hii akiwa na vile vipande vya zamani mfukoni, vipimwe dukani. Jua limechoma, mabati yanalia, mzee keshauliza mara nne.

Saa 9 na kitu mpya inafika. Mfereji unafutwa, oringi inapakwa oili safi, distributa inasukumwa kwa mkono, nyundo marufuku. Mstari wa rangi unakutana. Waya wa betri unarudishwa, injini inawashwa. Tunaunganisha kwa kipande cha waya TE1 na E1, matundu mawili ya soketi ya uchunguzi, taa ya taiming, ya kupimia wakati wa cheche, inasoma digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, boliti zinakazwa, kipande hicho cha waya kinatolewa.

Kinabaki kitu ambacho wengi wanaruka: vali ya PCV, ile inayoipa injini kupumua. Ukiitikisa inapaswa kuchakacha. Hii imeganda kwa uchafu. Injini isipopumua, presha ya ndani inatafuta penye udhaifu, na oringi mpya nayo ingeanza kuvuja. Inabadilishwa, oili inaongezwa hadi alama ya juu ya dipstiki.

Jioni, poda tena, barabara ya Singida tena. Mgongoni mwa gia boksi pameupe. Mzee anaahirisha Kondoa hadi kesho, anaacha ufunguo. Tunalaza gari juu ya boksi jipya na kuyazungushia matairi chaki.