Mchi, tyubu ya baiskeli na lanolini kidogo: nilivyolainisha glavu ya besiboli

Usiiogeshe glavu mpya ya besiboli, ile ya ngozi ya kudakia mpira, mafuta ya nazi. Hapa Tanga ndio ushauri wa kwanza utakaopewa, maana nazi haikosekani jikoni. Ya kwanza niliipaka mara tatu na kuianika juani. Ililainika kweli, lakini ikawa nzito, vidole vikalegea, na masika yalipoingia ikaota ukungu kiganjani. Ngozi ikishakunywa mafuta mengi huyatoi tena, na jua huikausha juu hadi ipasuke kwenye mikunjo.

Ya pili nilitumia lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, ile ya kina mama wanaonyonyesha, ipo maduka ya dawa. Kitubu kidogo nilikinunua kwa elfu kumi na kitu. Robo kijiko cha chai inatosha glavu nzima. Anza na kamba za ngozi, malizia penye mikunjo, ilaze kivulini usiku kucha, kisha ifute.

Kazi yenyewe inafanywa na mchi. Nilichukua ule mdogo wa kutwangia thomu, nikauvika soksi mbili. Tundu la mpira, yaani kibonyeo kinachoupokea, halikai katikati ya kiganja, wengi hukosea hapo; linakaa chini ya kidole cha shahada, unapoanzia wavu wa ngozi ulio kati ya gumba na kidole hicho. Gonga hapo kama mara mia mbili kila jioni. Ukimaliza, hamia chini ya gumba na chini ya kidole cha mwisho, kwenye kisigino cha glavu, upande wa kifundo cha mkono. Hapo ndipo inapojikunja. Ukipasahau, tundu litakuwa zuri lakini glavu haifungi, mpira unatoka.

Usiku weka mpira tunduni, leta gumba kwenye kidole cha mwisho, funga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili. Tyubu inavutika, kamba ya katani inakata alama. Usiikandamize ikawa bapa kama chapati, itapata mkunjo katikati na tundu litapotea.

Kisha rushianeni mpira na mwenzako, mdake. Mita kumi kwanza, robo saa kila siku, mkisogea nyuma taratibu. Mpira una gramu 145 hivi, unaumba ngozi kuliko mchi. Mkichezea ufukweni Raskazone, pigeni mswaki kamba mkirudi, mchanga unazila.

Yangu ilichukua wiki tatu. Sasa naitundika ukutani mpira ukiwa ndani, siiweki kwenye mfuko wa nailoni: joto letu na unyevu huu, siku nne tu ukungu umerudi.