Walisema nimpe kitochi

Mdogo wangu ana ulemavu wa akili, ana simu janja, na hana mpango wa kuiachia. Kila shangazi na kila jirani ananipa ushauri uleule: "Mnyang'anye, mpe kitochi." Kana kwamba kitochi hakipokei meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii"! Huko ndiko zilikozaliwa.

Mwingine, msomi kabisa, akasema nimwandikie masharti. Nikayaandika kwa wino mwekundu, nikabandika juu ya kitanda: usiongee na usiyemfahamu, usitume picha, usitaje namba ya siri. Akayakariri, akawa anawaghania wageni sebuleni. Jioni moja nakuta anachati na "rafiki" wa Facebook ambaye hatujawahi kumwona. Amemtumia nini? Picha ya yale masharti, na chini yake: "Dada kaandika. Mzuri eh?" Kwake yeye, ukimsalimia vizuri mara mbili tu umeshakuwa mtu wake. Sasa "usiyemfahamu" ni nani?

Basi nikaachana na mahubiri. WhatsApp niliiwekea namba ya siri ya tarakimu 6, nikazuia watu baki kumwingiza kwenye magrupu, kisha nikachukua laini yangu nyingine nikageuka tapeli. Nilimwambia mapema kuwa kuna mchezo, asije akaona namsaliti. Leo mimi ni mwenye nyumba nadai kodi, kesho Freemason nagawa utajiri, keshokutwa mrembo wa Mwanza naomba picha. Huyo mrembo nilimfaidi mno, nakiri. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa moja: ikitajwa hela, picha au namba ya siri, ashike alama ya maiki anirekodie, "Dada, kuna mtu." Hakuna kuandika, wala kupima nani mwema nani mbaya. Akininasa, anachagua chakula cha jioni. Chipsi mayai zilinigharimu kuliko bando.

Meseji za matapeli wa kweli tunazituma kwenda 15040, namba ya kuripoti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Kubonyeza "tuma" ni haki yake, ukimwahi, ugomvi.

Juzi simu ya baba ilizima chaji safarini, akaazima ya kondakta na kumwandikia mdogo wangu amwambie mama atume elfu ishirini ya nauli. Baba kafika saa nne usiku, amenuna, na namba ya kondakta imesharipotiwa.