Njumu za Kuvalisha Kiatu kwa Ajili ya Barafu

Mpwa wangu wa Makete anaondoka mwezi Januari kwenda kusoma Finland, na juzi alipopita kwangu hapa Uyole kuaga aliniuliza, "Mjomba, zile njumu za kuvalisha juu ya kiatu zinasaidia kweli, au nitapoteza hela?" Alimaanisha ule mpira wenye vijino vya chuma unaovishwa juu ya kiatu ili mtu asiteleze kwenye barafu. Nilimwambia kwamba zinasaidia. Hata hivyo swali lake linastahili jibu refu zaidi, kwa kuwa nilizivaa mwenyewe misimu miwili ya baridi mjini Tampere, hukohuko Finland.

Sisi wa nyanda za juu tunaijua sakitu, ule umande ulioganda unaounguza viazi huko Kitulo usiku wa mwezi Juni, kisha jua likipanda inatoweka. Barafu ya kule hukaa miezi. Siku za baridi kali, hata nyuzi 20 chini ya sifuri, huwa na nafuu kidogo, kwa maana barafu kavu haitelezi sana. Hatari kubwa huja pale joto linapozunguka sifuri, theluji ikayeyuka mchana na kuganda tena usiku, hata asubuhi njia ikawa kama kioo kilichomwagiwa maji. Hapo soli ya kawaida haina pa kushika, lakini vijino vya chuma vilivyopachikwa kwenye mpira unaokumbatia kiatu huzama katika barafu, nawe unasikia kila hatua ikikwaruza na kutulia.

Kasoro yake kubwa iko mlangoni. Jioni moja niliingia dukani bila kuzivua, kwa uvivu wa kuinama, na vijino vile vilivyonishikilia barabarani viliteleza juu ya marumaru. Niliangukia goti, nikachechemea kwa muda mrefu. Kwa hiyo kila mlango unakutaka uegemee ukuta, uzivue, uzitie kwenye mfuko wa plastiki zikiwa zinachuruzika maji, kisha uzivae tena ukitoka, na kwa mtu wa kupanda na kushuka mabasi mchana kutwa hiyo ni kero ya kweli. Njia iliyomwagiwa kokoto haizihitaji, na lami tupu huvila vijino haraka.

Nasisitiza jambo moja: ziwe na vijino kisigino pia. Tunapotembea kisigino ndicho kinachotangulia kugusa chini, na hapo ndipo mtu anapong'oka na kuanguka chali.

Dada yangu aliuliza kama zingefaa kwa utelezi wa masika kwao. Nadhani hazifai, kwa sababu udongo wa mfinyanzi hujaa kati ya vijino baada ya hatua chache tu.

Nimempa kijana jozi yangu ya zamani ajifunze kuvaa na kuvua haraka. Jino moja la kisigino cha kushoto limeng'oka, hivyo akifika anunue nyingine, ila atangulie kupata buti la baridi, maana saizi ya njumu hufuata buti.