Usichomeke kwanza: siku yangu moja Luthuli

Saa 12:10 asubuhi

Chai haijachemka, ujumbe umeshaingia: "Habari ya asubuhi fundi. Ile redio ya baba nije leo?" Nikajibu njoo saa kumi na moja jioni, na nilipobonyeza tu kutuma nikajua nimejifunga kamba mwenyewe. Redio ilikuwa inaimba tangu Jumanne, ni kweli. Lakini mshale wa stesheni ulikuwa haujafungwa uzi, na mimi sitoi kazi ambayo haijakaa mezani ikiwaka saa nne mfululizo. Kwa stima ninazozijua, saa nne mfululizo si jambo la kumwahidi mtu.

Matatu ya Umoja hadi Muthurwa, kisha miguu.

Saa 1:40

Karakana yangu ni chumba cha hatua nne kwa tatu, ghorofa ya tatu, kando ya Luthuli Avenue, Nairobi. Chini kunauzwa kila kitu chenye waya: spika za gari, chaja, kamera za ulinzi, televisheni bapa zenye ukubwa wa mlango. Tangu barabara ilipofanywa ya upande mmoja mwaka 2019 na wapita njia wakaongezewa nafasi, angalau mtu anaweza kubeba redio ya kilo kumi na mbili bila kugongwa na mkokoteni. Ngazi ni zile zile.

Natengeneza redio na televisheni za zamani, za valvu hasa, zile taa za kioo zilizofanya kazi ya transista kabla ya transista. Watu wakisikia hivyo hudhani ni kazi ya mbao na vanishi. Mbao namwachia seremala mmoja wa Gikomba ambaye ana mkono mwepesi na mdomo mzito. Kazi yangu iko chini ya chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba valvu, mahali ambapo mteja hatapatazama kamwe.

Saa 2:15

Redio ya mama huyu aliyeniandikia asubuhi ni ya valvu sita, imetengenezwa Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1950: ECH81, EF89, EBC81, EL84, EZ80, na jicho la kijani EM80 la kukuonyesha kama stesheni imekaa sawa. Baba yake alikuwa karani wa reli. Anakumbuka asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, mzee amepiga magoti mbele ya redio hii, Leonard Mambo Mbotela akisoma tangazo la mapinduzi ambalo wanajeshi walimlazimisha kulisoma. Watoto wakaambiwa walale sakafuni, mbali na dirisha. Mzee alipofariki, redio ikavishwa gunia, ikapandishwa juu ya kabati, ikasahaulika hadi juzi juzi binti yake alipoishusha, akaipangusa vumbi, akaichomeka.

"Nilijaribu tu kidogo nione kama itawaka."

Hayo maneno nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu. Iliwaka, dakika mbili hivi. Kisha moshi.

Redio iliyokaa miaka thelathini bila umeme kwa kawaida haijafa. Kilichoharibika ni kapasita, vile vidude vinavyohifadhi umeme kidogo na kuuachia. Zile kubwa za kuchuja umeme zina majimaji ya kemikali yanayokauka, na ule utando mwembamba unaozuia umeme kupita ndani yake hudhoofika zikikaa bila kazi. Zile ndogo za karatasi na nta hunyonya unyevu mwaka baada ya mwaka. Ukizimwagia volti 250 kwa ghafla zinapitisha umeme kama ungo unavyopitisha maji, na kinachoungua mwishowe si kapasita ya shilingi hamsini bali transfoma isiyopatikana tena dukani. Huyu mama ana bahati. Moshi ulikuwa wa rizista moja tu.

Ndiyo maana mimi huwasha kupitia balbu. Unaifunga balbu ya kizamani ya wati 100, ile ya uzi unaong'aa, katikati ya waya mmoja unaokwenda kwenye redio. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zake zote na redio inasalimika. Kukiwa shwari, balbu inamulika mara moja, inafifia, na valvu zinaanza kupata joto taratibu. Balbu za LED hazifai kwa hili, na madukani siku hizi ndizo zilizojaa. Ninazo tatu za zamani. Nazitunza kama mayai.

Nyuma ya redio kuna kidude cha kuchagua volti. Kilikuwa kwenye 220. Stima yetu ni 240, na nyakati nyingine hupanda zaidi, kwa hiyo nimekigeuza hadi 245. Kazi ya sekunde tano, lakini redio nyingi nilizopokea hakuna aliyewahi kuifanya.

Saa 4:45

Kabla ya kuiacha iwake nilimwita msaidizi wangu, kijana wa miezi mitatu kazini, arudie kipimo kimoja mbele ya macho yangu.

"Mkono wa kushoto?"

"Mfukoni, mzee."

Mkono mmoja mfukoni kila redio inapowaka, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Waya mweusi wa mita kwenye chasisi, mwekundu kwenye mguu wa 2 wa EL84, valvu inayoisukuma spika. Hapo panapaswa kuwa sifuri. Redio ilipofika kwangu palikuwa na volti 9 chanya. Kuna kapasita moja, ya mikrofaradi 0.01, inayobeba sauti kutoka EBC81 kwenda EL84. Upande wake mmoja una volti themanini hivi, na upande wa pili haupaswi kuonja hata moja ya hizo. Ikivuja, EL84 inafunguka kama bomba lililokatika kichwa, bati lake la ndani linakuwa jekundu, na transfoma ya spika inakwenda nayo.

Ila usikimbilie kuilaumu kapasita. Zima, chomoa EL84, washa, pima tena kwenye soketi tupu. Volti bado ipo? Ni kapasita. Imetoweka? Basi valvu yenyewe imeingiwa na gesi, tafuta nyingine. EL84 bado zinatengenezwa, Slovakia na Urusi, kwa ajili ya amplifaya za wapiga gitaa. ECH81 hakuna anayeitengeneza tena, kwa hiyo ile nikiikuta nzima kwenye lundo la vyuma kuukuu naifunga kwenye soksi na kuja nayo nyumbani.

Akasoma sifuri. Nikamwambia asome tena baada ya nusu saa, kwa sababu uvujaji mwingine hujificha hadi joto lipande.

Kwenye redio hii nilibadilisha kapasita kumi na moja za karatasi, zote, bila kupima hata moja. Hapo mafundi hatuelewani. Kuna wenzangu wanaotoa utumbo wa kapasita ya zamani, wakaingiza mpya ndani ya ganda lake na kuziba kwa nta, ili chini paonekane kama 1958. Nimefanya hivyo mara mbili, kwa mteja aliyelipia. Kwangu ni sawa na kupiga pasi soksi. Zile kuukuu natia kwenye bahasha na kuibandika ndani ya sanduku, ili fundi atakayenifuata ajue niligusa wapi. Nisichokubali ni kuongeza. Kijana mmoja aliwahi kuniletea redio yenye EZ80, valvu inayonyoosha umeme wa redio nzima, aliyoiwekea kapasita ya kuchuja ya mikrofaradi 220, akidhani kubwa ndiyo bora. EZ80 mwisho wake ni 50. Kila ukiwasha inajaza debe kwa kijiko cha chai, na kijiko ndicho kinachovunjika. Mimi naweka 47 na maneno yanaisha.

Saa 5:00

Televisheni. Nyeusi na nyeupe, sanduku la mbao lenye vilango vya kufunga kwa ufunguo, kutoka enzi ambazo mwenye nyumba ndiye aliyeamua watoto waone nini. Mwenye hoteli anaitaka iwake ukumbini, basi.

Bomba la picha ni kapasita kubwa ya kioo. Hata plagi ikiwa nje linaweza kushika maelfu ya volti, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote nalitoa umeme kwa bisibisi iliyofungwa waya hadi chasisi, mara mbili, kwani huwa linajirudisha kidogo. Kisha tukawasha. Transfoma ya volti kubwa ikifanya kazi hupiga mluzi mwembamba wa hezi 15,625: mistari 625, mara 25 kwa sekunde. Mimi mluzi huo nimeacha kuusikia miaka kama kumi sasa. Namwangalia tu msaidizi wangu usoni.

"Unalia?"

"Unalia, mzee. Umekatika. Umerudi."

Kukatika huko ndiko ugonjwa wenyewe. Tulipata lehemu iliyopasuka chini ya soketi, ufa mwembamba kama unywele unaouzunguka mguu wa valvu. Lehemu mpya, basi, mluzi ukatulia. Picha ni hadithi nyingine: tangu matangazo ya analogi yazimwe mwaka 2015, televisheni hii haina cha kushika hewani. Itabidi king'amuzi, kisha kifaa cha kurudisha mawimbi kwenye chaneli ya zamani. Mwenye hoteli bado hajaambiwa bei.

Saa 7:10 mchana

Chapati madondo. Nikiwa katikati ya chapati ya pili akaja bwana mmoja na redio nzuri sana, ya bakelaiti, haina hata ufa, akitaka nitoe "hayo mataa ya ndani" niweke bodi ya Bluetooth na taa za rangi. Nikamwambia nyuma kuna tundu la gramafoni. Nitamtengenezea waya wenye transfoma ndogo ya kumkinga na umeme, simu yake itaimba kupitia valvu hizo hizo, na hakuna kitakachokatwa. Akauliza itachukua muda gani. Wiki tatu. Akasema chini kuna mtu atamfanyia kwa saa mbili. Bila shaka yupo.

Saa 8:20

Stima zikapotea, na zile saa nne zangu zikakatika baada ya saa tatu na kitu. Basi, uzi.

Uzi wa mshale ndio unaonipa jasho kuliko umeme wote. Unatoka kwenye gurudumu la kondensa ya kutafutia stesheni, unapita roda nne, unazunguka kijiti cha kitufe mara mbili na nusu, unarudi kwa springi. Ukizungusha mara mbili tu unateleza. Mara tatu, unajipanda wenyewe. Nailoni ya kawaida hairidhishi, hurefuka, baada ya mwezi mshale unasoma stesheni ya jirani. Natumia uzi wa kuvulia samaki uliosukwa, nililetewa kutoka Kisumu. Msaidizi alinishikia tochi ya simu kwa meno kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imebana roda. Mara ya kwanza springi iliruka ikaenda chini ya kabati. Mara ya pili fundo likafunguka. Mara ya tatu nilimwambia afunge yeye, nikatoka nje nikasimama ngazini. Niliporudi mshale ulikuwa unakwenda na kurudi kama umepakwa mafuta. Sikusema kitu. Nilimpa chapati iliyobaki.

Saa 10:05

Stima zimerudi. Nikahesabu saa upya, nikaona haiwezekani.

Saa 11:00 jioni

Mama akafika kwa wakati, jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu anayevuka Nairobi saa hiyo. Nikamweleza ukweli: imewaka saa tatu na kitu kabla stima hazijapotea, bado inaendelea tangu stima zirudi, keti kidogo. Hakukasirika. Akaketi kwenye debe la rangi, mkoba magotini, akaitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wodini.

Tulipojaribu masafa ya kati (AM) tukapata mngurumo mtupu. Kijana akanyoosha mkono kuelekea bisibisi ya chuma, nikamzuia. Viini vya koili za ndani nilishavipanga juzi kwenye kilohezi 452 kwa kijiti cha plastiki, na bisibisi ya chuma niliwahi kupasulia kiini nikiwa mwanagenzi. Mteja wa siku hiyo nilimlipa kwa awamu nne. Tena shida haikuwa redio. Jirani yangu anauza taa za LED, ukuta wake mzima unawaka kutwa, na chini kuna mamia ya chaja. Vyote hivyo hukatakata umeme mara maelfu kwa sekunde, na redio ya valvu inasikia kila mkato.

"Mama, tungoje wafunge."

Saa 12:45 jioni

Shata zikaanza kushuka, moja, nyingine. Jirani akazima ukuta wake. Mngurumo ukapungua kama mvua inayohamia mtaa wa pili. Na jua likishazama, lile tabaka la chini la ionosfera, ile hewa ya juu sana yenye chembe za umeme, linalomeza masafa ya kati mchana hutoweka, mawimbi yanakwenda mbali zaidi. Nikamwachia yeye kitufe.

Kiarabu. Kisomali, nadhani. Muziki wa taarabu uliokuwa ukija na kuondoka. Kisha mwanamume akisoma habari kwa Kiswahili, sauti imejaa kifuani kama sauti za spika kubwa za mbao zinavyokuwa, na jicho la kijani likajikunja likatulia. Mama alisogea mbele na debe lake. Akasikiliza habari zote, hadi bei ya mahindi.

Halafu akauliza: "Fundi, na hii haina FM?"

Haina, mama. Nikamwonyesha tundu la gramafoni na waya wa simu. Nikamwambia asiifunike kitambaa cha mezani nyuma, iachiwe nafasi ya kupumua, na ikilia mngurumo asingoje moshi. Akalipa kwa M-Pesa, akaongeza mia tano ya "huyo kijana wa uzi", maana mdomo wa kijana ulikuwa umeshamsimulia.

Saa 1:20 usiku

Ngazi zile zile, kilo kumi na mbili, kijana mbele na mimi nyuma. Dereva wa teksi akafungua buti. Mama akakataa, akataka iwekwe kiti cha nyuma. Dereva akauliza kama hiyo ni maikrowevu. Hakujibiwa. Mama alikuwa ameinama, anatafuta mahali mkanda wa kiti unapoingia.