Gari namba 21: mradi wangu wa Wood Brothers umefikia wapi

Machi

Ninatengeneza modeli ya gari la timu ya mbio ya Wood Brothers, na ule mpango wa kwanza wa kulionyesha likiwa mbioni nimeuacha. Modeli za magari ya NASCAR yakikata kona zimejaa kila mahali, na hii timu ya Wood Brothers ukiifuatilia vizuri unakuta ilijijengea jina gari likiwa limesimama. Kwa hiyo kwenye ubao wangu kutakuwa na piti, yaani pale gari linaposimama kuhudumiwa katikati ya mbio: gari, jeki, matairi, madumu ya mafuta na watu wa kuchonga. Kipimo ni moja kwa ishirini na nne. Ford Galaxie ya 1963 ilikuwa na urefu wa kama mita 5.3, hivyo yangu inatoka sentimita 22 na kidogo.

Kwa mgeni wa mambo haya: NASCAR ni mbio za Marekani za magari yaliyoanza kama magari ya kawaida ya dukani, yanazunguka uwanja mmoja mpaka basi. Wood Brothers ni watu wa Stuart, mji mdogo kwenye vilima vya Virginia. Glen Wood alikuwa mkata magogo. Mwaka 1950 yeye na rafiki yake walinunua Ford kuukuu kwa dola 50. Kwenye mbio za kwanza iligongwa, na wakati wa kuivuta kurudi nyumbani ikashika moto. Wakaitengeneza tena. Injini walikuwa wanaishusha kwa mnyororo uliofungwa kwenye tawi la mti wa nyumbani kwao. Hapo nilicheka peke yangu gereji.

Glen aliendesha mwenyewe viwanja vya karibu, hasa Bowman Gray kule Winston-Salem, North Carolina, ambako njia inazunguka uwanja wa mpira na haifiki hata nusu kilomita. Ushindi wake wote minne wa ngazi ya juu aliupata hapo hapo, wa kwanza mwaka 1960. Wadogo zake walishika spana: Leonard fundi mkuu, Delano kwenye jeki.

Aprili

Bodi nimeichonga kwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye kazi ya kitanda. Mninga ni mgumu kwa kona ndogo lakini haupasuki. Nimepiga puti ile ile ya magari, msasa namba 400 halafu 800, sasa inasubiri praima.

Nimechagua Galaxie kwa sababu ya Daytona 500 ya 1963, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR. Dereva wao Marvin Panch alikuwa anajaribu gari jingine, Maserati yenye injini ya Ford, likapinduka na kuwaka. Mmoja wa waliomtoa motoni ni Tiny Lund, jitu la miraba minne ambalo wakati huo halikuwa na gari la kuendesha. Panch, akiwa kitandani hospitali, akaomba gari lake apewe Lund. Wood wakapanga kusimama mara chache kuliko wenzao na kumaliza na seti moja ya matairi. Mizunguko ya mwisho waliokuwa mbele wakaishiwa mafuta, Lund akapita na kushinda. Mwandishi wa tamthilia angeleta habari hiyo angeambiwa amezidisha chumvi.

Mei

Mwezi huu nimekaa na jeki tu. Zamani timu zilisimama, zikabadilisha matairi bila papara, dereva akanywa maji, wakaendelea. Wood walikuwa wa kwanza kuona kuwa sekunde unayoiokoa hapo ni sawa na sekunde uliyoipata barabarani, ila hii haili injini. Leonard akazichezea jeki zinyanyue gari kwa mipigo michache, kila mtu akapewa kazi moja na njia yake ya kupita. Ndiyo maana mwaka 1965 Ford iliwapeleka kwenye mbio za Indianapolis 500 kumhudumia dereva Jim Clark na Lotus yake, gari la aina nyingine kabisa. Pampu za kusukuma mafuta zilikuwa zimepigwa marufuku, mafuta yashuke kwa uzito wake. Leonard akalainisha viungio vya bomba mpaka vikawa vinaingia bila kukwama. Clark alisimama mara mbili tu na kuongoza mizunguko 190 kati ya 200.

Jeki yangu nimeitengeneza kwa spoku ya baiskeli na ncha mbili za kalamu. Mpini unapanda na kushuka. Ninaipenda kuliko gari lenyewe.

Juni

Mpwa wangu amekuja likizo, nikamwonyesha mwisho wa Daytona 500 ya 1976. David Pearson, dereva wa Wood, na mpinzani wake Richard Petty wanagongana kona ya mwisho, wote wanazunguka. Injini ya Petty inazima. Pearson alikuwa amekanyaga klachi, ya kwake ikabaki hai, akajikokota kwenye majani mpaka kwenye mstari. "Mjomba, huyu ndiye kashinda, na mwendo wa bajaji hivi?" Ndiye huyo.

Pearson aliwapa Wood ushindi mara 43. Mwaka 1973 pekee alianza mbio 18 akashinda 11. Halafu uwanja wa Darlington, Aprili 1979: mafundi wanabadilisha matairi manne, yeye anajua ni mawili. Akaondoka nati za upande wa kushoto hazijakazwa, magurudumu yakachomoka kabla hajatoka piti. Muda mfupi baadaye wakaachana. Timu iliyofundisha wengine kusimama, ikampoteza dereva wake bora kwa kusimama. Nafikiria kutengeneza na gari hilo, Mercury, limelala upande mmoja.

Julai

Praima imekubali. Nyeupe imeingia, paa jekundu nimelipiga juu ya fedha ili ling'ae kwa ndani.

Yaliyofuata nimeyaandika kwa ufupi kwenye kibao cha pembeni: 2008 walishindwa hata kufuzu Daytona 500, wakabaki kushiriki baadhi tu ya mbio, halafu 2011 Trevor Bayne, aliyetimiza miaka 20 jana yake, akaishinda. Ushindi wa 99 wa timu ulikuja 2017, wa 100 ukasubiri hadi Agosti 2024, Harrison Burton, Daytona tena.

Kazi iliyopo mezani ni namba 21 za dhahabu, nazikata kwa wembe kwenye stika. Kisha namchonga Delano, akiwa ameinama.