Kutoka Elburgon hadi Webuye: Safari ya Mbao na Karatasi

Ukishuka kwenye matatu ya kutoka Njoro asubuhi, baridi ya msitu wa Mau hukupokea pamoja na harufu ya mbao za saiprasi zilizotoka kupasuliwa. Hapo unajua umefika Elburgon, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Nilifurahi kuipata harufu hiyo, kwa sababu kuna miaka ambayo haikuwepo.

Mji huu uliota kando ya reli kwa ajili ya mbao, na msumeno ukinyamaza, duka la unga nalo huanza kukopesha. Msumeno umenyamazishwa mara mbili katika kumbukumbu ya watu wazima wa leo. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, ikaruhusu kampuni chache kubwa tu kuendelea, na viwanda vidogo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Katazo lilipolegezwa watu wakarudi kazini. Kisha Februari 2018, mito ikiwa imepungua na lawama za ukataji haramu zikiwa zimejaa kila mahali, likatangazwa katazo jingine. Lilisemekana kuwa la siku 90, likaendelea kwa miaka. Mafundi wa Nairobi na Nakuru wakazoea mbao kutoka Tanzania, nyingi zikitoka mashamba ya miti ya nyanda za juu kusini. Mnamo Julai 2023 Rais Ruto, akiwa hapa karibu Molo, alitangaza kuliondoa. Kesi zikafuata mahakamani, lakini misumeno ilikuwa imeanza kuamka.

Niliingia katika kiwanja kimoja cha kupasulia mbao nyuma ya stendi. Akina mama walikuwa wakichagua mabanzi ya kuni na ya kuzungushia ua, na pikipiki ilikuwa ikipakia magunia ya maranda ya mfugaji wa kuku. Mwenye mashine, mzee wa makamo aliyeniita "kijana wangu" tangu neno la kwanza, alinionyesha mbao alizokuwa amezitenga pembeni. Upande mmoja zilikuwa nene, upande mwingine nyembamba, uso mzima ukiwa na mawimbi. Zilikosewa wapi? Si kwenye gogo, alisema, na mashine haina kosa. Ni meno. Msumeno hunolewa, na kila jino hupinduliwa kidogo, moja kushoto na linalofuata kulia, kwa kipimo kisichotofautiana. Fundi wake aliyejua kazi hiyo aliondoka wakati wa katazo kwenda kuuza mitumba Nakuru, na hana nia ya kurudi. Kijana aliyeshika nafasi yake bado anajifunza.

Jambo hilo lilinikaa moyoni njia nzima. Tunapozungumzia kufufua viwanda vya misitu huhesabu mashine na mamilioni ya shilingi. Fundi wa kunoa hatumhesabu, wala dereva wa trekta anayejua kushusha magogo kwenye mteremko wenye tope, wala yule anayeutazama mti uliosimama na kukwambia utatoa mbao ngapi. Watu hawa hawanunuliwi kwa zabuni.

Kutoka Mau Summit barabara inapanda hadi Timboroa, ukungu na misonobari pande zote mbili. Sehemu nyingine miti ni mikubwa na imesongamana, haijapunguzwa wakati wake. Sehemu nyingine ni miche midogo iliyopandwa katikati ya viazi. Huo ndio utaratibu ambao watu hapa bado wanauita "shamba system": mkulima analima katika kipande cha msitu kilichovunwa, anaitunza miche huku akipalilia mazao yake, na baada ya miaka mitatu hivi kivuli kinamtoa. Ukisimamiwa vizuri unafaa pande zote mbili. Ukiachwa mikononi mwa wenye tamaa, mche unang'olewa usiku ili viazi vipate mwaka wa nne.

Eldoret nilipita haraka, mji una mambo mengi na kiwanda chake cha plywood kinajulikana. Kiu yangu ilikuwa mbele, Turbo. Msitu wa Turbo ulipandwa kwa kulenga karatasi: ekari kwa ekari za misonobari, ili siku moja pawe na kiwanda cha kuila. Walioupanda walijua jambo tunalolisahau mara kwa mara, kwamba mti hutangulia kiwanda kwa miaka mingi.

Kiwanda chenyewe kilijengwa Webuye, mji uliowahi kuitwa Broderick Falls, kando ya Mto Nzoia. Pan African Paper Mills ilikuwa ubia wa serikali ya Kenya, shirika la fedha la Benki ya Dunia na kampuni ya Orient ya India, ikaanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1970. Watoto wa Kenya waliandika insha zao katika karatasi ya Webuye. Msafiri wa basi la usiku kwenda Malaba hakuhitaji kuamshwa, pua ilimwambia alipofika. Ili kupata karatasi, vipande vya mti huchemshwa na kemikali zenye salfa hadi ile gundi inayoshikanisha nyuzi iyeyuke. Salfa hiyo ndiyo iliyotoka kwenye mabomba ikinuka kama yai viza.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyefanya kazi kwenye mitambo ya kuchemshia. Tulisalimiana "mulembe", salamu ya Waluhya, akaagiza chai, kisha akanipeleka kwa miguu kuona nyumba zilizokuwa za wafanyakazi. Hakunificha upande wowote. Kiwanda kilimsomeshea watoto wake wote. Kiwanda hicho hicho kilitoboa mabati ya majirani kwa kutu, kikatia maji ya Nzoia rangi, na kikohozi cha watoto hakikuwa siri. Nilimuuliza kama alikuwa na hamu ya siku zile zirudi. Alisema ana hamu ya mshahara, si ya moshi.

Mapema 2009 mitambo ilizimwa, madeni yakiwa yamelemea, umeme ukiwa sehemu ya madeni hayo. Ikafuata ahadi, ufunguzi uliodumu kitambo kifupi, kisha kimya tena. Mji ukapungua mbele ya macho ya watu. Wapangaji walihama na vibanda vya chakula getini vikakosa wateja. Mwaka 2016 mali ikauzwa kwa kundi la kampuni la Rai kwa shilingi milioni 900, bei iliyozua ubishi mkubwa kwa kuwa thamani iliyotajwa hadharani ilikuwa mara nyingi zaidi. Ni kundi hilo hilo lililokwisha kukichukua kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, nchini Tanzania, ambacho nacho kilikuwa cha umma na kikasimama kwa miaka.

Leo moshi upo, malori yanaingia na kutoka. Lakini niliyezungumza naye kibandani karibu na geti, mama muuza maharagwe na chapati, alisema anapika sehemu ndogo ya alichokuwa akipika zamani. Hapo ndipo naona kosa la hesabu zetu. Kiwanda kinaweza kufufuka na mji ukabaki mgonjwa, kama ajira ni za kibarua na malighafi haitoki kwa jirani. Mji wa Webuye haukulishwa na mtambo peke yake. Ulilishwa na wapanda miti, wakataji, madereva na wapikaji, mlolongo mzima hadi Turbo.

Ndiyo maana kabla ya kuelekea nyumbani nilirudi hadi Kipkarren, kwa mkulima ambaye mzee alinielekeza kwake. Ana ekari mbili za mikaratusi iliyonyooka. Huuza nguzo, huuza fito kwa wajenzi wa Eldoret, na matawi manene huishia kuwa kuni za viwanda vya chai upande wa Nandi. Msonobari hana hata mmoja. Nilimuuliza kwa nini, na kiwanda cha karatasi kiko jirani.

Alijibu taratibu, akihesabu kwa vidole. Nguzo anauza baada ya miaka minane au kumi, mnunuzi anakuja na pesa mkononi. Msonobari ungemsubirisha zaidi, na katikati ya kusubiri serikali ikitangaza katazo jipya mnunuzi ataogopa hata mti wa shambani. Baba yake aliwahi kuwauzia watu magogo kwa bei ya mdomo, na malipo yakachelewa hadi kikao cha mazishi yake. Kwa hiyo yeye anataka mambo matatu: bei iandikwe na ieleze itakavyopanda, mzani uwekwe mahali wakulima wanapouona, na wakulima wauze kwa pamoja kupitia ushirika ili mmoja asibembelezwe kando.

Mvua za Machi zikianza, atajaribu misonobari katika nusu ekari, mahindi yakiwa katikati. Nusu ekari tu, alisema, hadi aone mkataba wenye sahihi.